Maswali ya Bustani: Epo la maua lililokataa kuchanua

Nina epo la maua, lile la matunda madogo madogo, hapa Njiro, Arusha. Lina miaka mitano na limefika mita 3. Majani yamestawi, lakini maua ni vishada viwili vitatu tu kileleni. Kila msimu naliongezea samadi. Tatizo ni nini?

Sitisha samadi. Mti wako umeshiba. Unachokosa ni usingizi. Epo na jamaa zake asili yao ni nchi za baridi. Jicho la ua likishaundwa hulala, na aina nyingi huhitaji mamia ya saa chini ya nyuzi 7 ndipo liamke sawasawa. Arusha mjini, kwenye mita 1,400 hivi, hata usiku wa Julai kwa kawaida haushuki kiasi hicho. Samadi nayo inasukuma matawi marefu ya wima, wakati maua mengi ya epo hukaa kwenye vijitawi vifupi vyenye makunyanzi, vya miaka miwili na zaidi. Ukivikata hivyo wakati wa kupogoa, umekata maua.

Anza kwa kuvikagua. Jicho la ua ni nene, la mviringo, lina manyoya laini ukilipapasa. La jani ni jembamba, limebana kwenye tawi. Kama manene hayapo, mwaka huu shughulikia matawi tu, ili yaunde macho ya maua. Wakati wa masika, yangali yananyumbuka, yavute kwa kamba ya katani na vigingi hadi yakaribie kulala. Ncha isishuke chini kuliko kitako cha tawi, la sivyo pale lilipopinda patatoka machipukizi mengi ya wima.

Kama manene yapo, ulaze mti kwa nguvu. Mvua za masika zikiisha, usimwagilie Juni yote hadi mwishoni mwa Julai. Kisha ondoa majani yote, ndani ya siku moja au mbili ili macho yaamke pamoja. Jani lililokomaa ndilo linalozuia jicho la kwapani mwake lisichipue. Tumia mkasi, kata kikonyo na uache kipande kidogo, kitaanguka chenyewe. Ukikwanyua jani kwa pupa, linaondoka na ganda, pengine na jicho lenyewe. Siku hiyohiyo mwagilia lita 40, halafu lita 20 mara mbili kwa wiki. Macho huanza kuvimba baada ya wiki mbili hadi nne. Mti ulio chini ya miaka mitatu usiufanyie hivi, wala ulio dhaifu au mgonjwa: kila jani jipya hutoka kwenye akiba yake.

Nami niko Moshi mjini. Njia hiyo itanifaa?

Hapana, na afadhali ulijue hilo kabla ya kununua mche. Mji uko chini ya mita 1,000, joto ni kubwa mno. Panda bogenvilia, itakufurahisha zaidi. Aliye Machame au Marangu ya juu anaweza kujaribu, ila achague epo zisizodai baridi nyingi: Anna na Dorsett Golden. Ni epo za kula, lakini maua yake ni mazuri. Panda zote mbili, umbali wa mita 4 hadi 5, kwa sababu Anna huzaa vizuri ikipata chavua ya mwenzake. Shimo liwe sentimita 60 kila upande, na udongo uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza. Pale mche ulipobebeshwa, yaani ulipounganishwa na shina la chini, pabaki sentimita 10 juu ya ardhi. Pakifukiwa, sehemu ya juu itaotesha mizizi yake na faida ya shina la chini itapotea.

Kwenye makovu ya kupogoa kumeota kitu kama pamba nyeupe. Ni ukungu?

Ni vidukari, wadudu wadogo. Viponde kwa kidole: vikitoa utomvu mwekundu uliokoza, ndivyo. Hupenda magamba yenye jeraha, na huacha vinundu vinavyoziba njia ya maji. Sugua kwa brashi ngumu na maji ya sabuni, vijiko 2 vya chai vya sabuni ya maji kwa lita moja, kila baada ya siku 7 kwa mara tatu. Fukua kidogo kwenye kitako cha shina pia, maana vingine hujificha mizizini na kupanda tena. Sisimizi wakipanda na kushuka shinani, wazuie, kwani huvilinda vidukari dhidi ya wadudu wanaovila.