Muulize Anko Gemu: Lile hekalu la Phantom Hourglass ni ubunifu au adhabu?

Barua kuhusu The Legend of Zelda: Phantom Hourglass zimekuwa nyingi, na nusu yake zimeandikwa na watu wenye hasira, kwa hiyo leo safu nzima naipa hiyo gemu, wenye maswali mengine mtanivumilia. Kwa ambao hamuijui: ilitoka 2007 kwa Nintendo DS, ile mashine ya mkononi ya kukunja yenye skrini mbili, unaangalia kila kitu kutoka juu, unazunguka visiwani kwa meli, na karibu mambo yote unafanya kwa ile kalamu ya kugusa skrini.

Anko shikamoo. Hii gemu nilikuwa naipenda sana mpaka nilipoambiwa nirudi TENA Hekalu la Mfalme wa Bahari. Ghorofa zilezile, walinzi walewale, na mchanga unaisha huku nakimbia. Nani alikaa akaona hii ni raha? Nimeiweka kando. (Mchovu wa Hekalu)

Marahaba. Hauko peke yako kabisa, mtu anaweza asikumbuke hata bosi wa mwisho anaitwa nani lakini hekalu atalikumbuka, na atalikumbuka amenuna.

Niwaeleze wengine kwanza. Ni jengo moja linaloshuka chini, hewa ya humo inakula uhai wako, na kinachokukinga ni mchanga wa saa yako ya mchanga. Kuna sehemu za sakafu zenye rangi ya zambarau, ukisimama hapo mchanga hautembei na wale walinzi wa chuma, Phantom, hawakuoni. Ukitoka tu, saa inahesabu. Phantom akikukata upanga unarudishwa mwanzo wa ghorofa na muda unapungua juu yake. Alafu ramani za bahari ziko nne na zote zimefichwa humohumo, kwa hiyo kurudi lazima.

Msimamo wangu: hasira ya watu ni halali nusu. Wengi wanarudi humo wanapita njia ileile ya siku ya kwanza, hapo lazima uchoke. Vifaa unavyopata huko visiwani vinafungua njia za mkato ndani ya hekalu, ukiwa na mabomu kuna kuta unalipua, ukiwa na ile kamba ya ndoano kuna mashimo unavuka moja kwa moja, ghorofa iliyokutoa jasho mwanzo unaimaliza chapchap. Na ramani unaweza kuiandika! Sijui kwa nini watu wanasahau hili, unachora kwa mkono wako mwenyewe, swichi iko hapa, alama ya mlango ni hii, na ukirudi maandishi yako unayakuta, yaani fumbo umeshalimaliza unalipita tu.

Kingine ambacho nadhani ndicho kimekuangusha wewe. Katikati ya hekalu kuna kituo, ukifika hapo gemu inahifadhi muda uliobaki nao, na safari zijazo unaweza kuanzia hapo na muda huohuo. Sasa kama mara ya kwanza ulifika ukihema umebakiwa na kamchanga kidogo, kila ukianzia hapo unaanza na shida yako ya zamani. Anza upya kutoka juu na vifaa vyako vipya, fika kituoni na muda mwingi, utaona tofauti. Na vumilia mpaka upate upanga wa mwisho, ule unawaua hao Phantom ukiwachoma mgongoni, baada ya kujificha kona zote zile hiyo ni raha ambayo siwezi kuielezea.

Ile nusu iliyo halali sasa. Gemu ya mkononi unaitoa mfukoni ukiwa na dakika kumi unasubiri kitu, unacheza, unafunga. Hekalu halina habari na hilo, linataka ukae utulie umalize, na ndio maana aliyeicheza amejilaza kochini na aliyeicheza safarini wanaongea kama wamecheza gemu mbili tofauti. Naona hata watengenezaji walielewa, maana Spirit Tracks ya 2009, Zelda iliyofuata kwenye DS, ina mnara wa kurudia hivyohivyo lakini saa ya mchanga wameitoa na ngazi inakupeleka sehemu mpya, hurudii ulikopita.

Ndugu yangu anasema gemu isiyotumia batani sio gemu. Mi naona kalamu iko poa. Tuamulie. (Mdogo Mtu)

Mwambie ndugu yako ajaribu bumerangi kwanza. Unachora njia yake kwenye skrini, ikate kona, ipite nyuma ya nguzo, iguse swichi tatu kwa mpangilio unaotaka, alafu arudi aseme batani zingefanyaje hilo. Kupigana pia unamgusa adui tu Link, yule shujaa unayemwongoza, anamrukia.

Ila na yeye ana lake. Kubiringika kunataka uchore viduara vidogo haraka pembeni ya skrini, mi mpaka leo nikitaka kubiringika Link anaenda anakotaka yeye. Alafu mkono unaziba skrini, unapigwa na kitu kilichokuwa chini ya kiganja chako. Ushindi wako, lakini mwembamba.

Anko naomba msaada nimekwama!! Naambiwa nibonyeze muhuri ulioko skrini ya juu uingie kwenye ramani ya skrini ya chini. Nimegusa, nimesugua, nimepuliza, nimepiga kelele, hakuna kitu. (Naelekea Kuitupa)

Usiitupe. Funga DS yako, subiri kidogo, fungua. Kama unatumia 2DS ambayo haikunji, tumia ile swichi ya kuilaza.

Wapo wanaosema huu ni uhuni, mi nasema ni fumbo bora kuliko yote humo ndani. Umeambiwa ukweli mtupu, juu kuna muhuri na chini kuna ramani, vikutanishe.

Mbona watu wanaisifu hivyo wakati ni rahisi? Mi nimekulia Link's Awakening, ile Zelda ya zamani ya Game Boy, hii nimeona kama ya watoto. (Mkongwe)

Ni rahisi kweli, sibishi, na mahekalu mengine ni mafupi. Mabosi ndio wameiokoa. Yule Crayk, kaa asiyeonekana, skrini ya juu inakuonyesha anachokiona yeye, kwa hiyo unajitazama mwenyewe kwa macho ya adui ili ujue anatokea wapi. Fumbo la namna hiyo kwenye hiyo gemu yako ya Game Boy ya 1993 lingewekwa wapi, skrini yenyewe moja?

Mi malalamiko yangu yako baharini, na nashangaa watu hawayasemi kwa ukali kama ya hekalu. Unachora mstari, meli inaufuata yenyewe, wewe unapiga mizinga na kuruka vizuizi, safari ya kwanza unafurahi, ya pili sawa, baadaye unaangalia maji tu. Bila maneno ya nahodha Linebeck, ule uoga wake na majigambo yake, ningekuwa nasinzia. Ndio, kuna vyura wa dhahabu wanaokupa alama za kurukia sehemu nyingine ya bahari, watafute mapema.

Nataka kuinunua leo, naipataje? Na ile ya kushindana mtandaoni bado ipo? (Mgeni)

Mtandaoni hapana, Nintendo walizima huduma hiyo ya DS mwaka 2014, mmebaki kushindana mkiwa karibu na kila mtu na mashine yake. Iliwahi kuuzwa pia kwenye duka la mtandaoni la Wii U, mashine nyingine ya Nintendo, nalo likafungwa Machi 2023. Kwa hiyo tafuta kadi yenyewe, inaingia DS zote na familia ya 3DS. Kuhifadhi gemu hakutegemei betri ndani ya kadi kama zile za Game Boy, kwa hiyo umri wake usikutishe. Cha kukagua ni mashine: jaribu mguso wa skrini pembe zote nne, na jaribu maikrofoni, maana kuna mishumaa ya kuzima kwa kupuliza na maiki ikiwa imekufa hapo ndio mwisho wa safari yako.