Diski imejaa bekapu: ipi ifutwe, ipi ibaki?

SWALI: Kila usiku saa 8 kompyuta ya ofisi inatengeneza nakala mbili: moja ya folda ya kazi, nyingine ya hifadhidata, zote mafaili ya tar.gz (mafaili mengi yaliyofungwa na kubanwa kuwa moja). Diski ilikuwa ikijaa, basi tukaweka amri ya kufuta kila kilichozidi siku 30. Je, tumemaliza?

JIBU: Kwa upande wa nafasi, ndiyo. Kwa upande wa usalama, bado sana. Faili likiharibika leo mkagundua kesho, siku 30 zinatosha na kubaki. Ila makosa mengi hayajitangazi. Mtu anafuta safu kwenye jedwali mwezi wa 3, jedwali linakuja kutakiwa mwezi wa 9. Kufikia hapo nakala zenu zote thelathini zimebeba kosa lile lile.

Dawa ni kupunguza kwa ngazi: za karibuni ziwe nyingi, za zamani ziwe chache. Anzeni na 7 za kila siku, 4 za kila wiki na 12 za kila mwezi. Hizo hazizidi 23 kwa kila aina ya nakala, pungufu ya mlizonazo sasa, na zinawarudisha nyuma mwaka mzima.

Kuna kasoro nyingine, na hii ndiyo ingetunyima usingizi. Amri inayofuta kwa umri haijui kama nakala mpya zinaingia. Nywila ikibadilishwa, utengenezaji unakwama kimyakimya, lakini ufutaji haukwami. Baada ya mwezi na siku kidogo folda inabaki tupu, na hakuna aliyeona onyo lolote. Kwa hiyo futeni kwa idadi, si kwa umri. Tengenezeni folda tatu: siku, wiki na mwezi. Kwa ile ya siku, amri hii inaorodhesha kila nakala ya kazi isipokuwa 7 mpya kabisa:

`ls -1 siku/kazi-*.tar.gz | sort -r | tail -n +8`

Someni orodha hiyo kwa macho siku kadhaa kabla ya kuiunganisha na `xargs -r rm --`, inayofuta kila kilichoorodheshwa. Hifadhidata iwe na mstari wake, `data-*`. Mkizihesabu pamoja, mpangilio wa majina utatanguliza aina moja, na nyingine itafutwa yote. Majina nayo yaandikwe mwaka kwanza, kwa mfano kazi-2024-03-09.tar.gz, ili mpangilio wa herufi uwe ndio mpangilio wa tarehe. Mkianza na siku, 09-03 itapangwa kabla ya 10-01 ingawa ni mpya zaidi.

Nakala ya mwezi msiifunge kwenye tarehe 1. Kompyuta ikizimwa siku hiyo, mwezi mzima umepotea. Skripti iulize tu: folda ya mwezi ina jina lenye 2024-03? Kama haina, inakili ya leo. Ya wiki vivyo hivyo, kwa namba ya wiki ndani ya mwaka (`date +%G-%V`). Mkiandika amri hiyo moja kwa moja ndani ya crontab (ratiba ya cron, programu inayoendesha amri kwa saa zilizopangwa), kila alama ya % itanguliwe na \, la sivyo cron inaikata amri hapo hapo. Ufutaji uje mwisho, baada ya `&&`, ili usianze kama nakala mpya haikufaulu.

Mkibaki na `find`, amri inayotafuta mafaili na kuyafuta kwa umri, kwa sababu yoyote, chungeni mambo mawili. Kwanza, inasoma masharti kutoka kushoto kwenda kulia. `-delete` ikitangulia `-name` na `-mtime`, inafuta kila kitu kabla haijafika kwenye masharti. Pili, `-mtime` hutazama tarehe faili lilipobadilishwa mwisho. Mkihamishia nakala kwenye diski mpya kwa `cp` bila `-p`, zote zinakuwa za leo, na mwezi mzima hakuna kitakachofutwa.

SWALI: Natumia restic, programu ya bekapu. Nimeendesha forget, nusu ya nakala zimetoweka kwenye orodha, lakini diski haikupungua hata kidogo.

JIBU: `forget` huondoa nakala kwenye orodha tu, data yenyewe huondolewa na `prune`. Ziunganishe, ukianza na jaribio lisilogusa kitu:

`restic forget --dry-run --prune --keep-daily 7 --keep-weekly 4 --keep-monthly 12`

Matokeo yanaonyesha kila nakala inayobaki na sababu ya kubaki. Ukiridhika, ondoa `--dry-run`. Watumiaji wa Borg, programu nyingine ya bekapu, kuanzia toleo la 1.2 hukutana na jambo hilo hilo: baada ya `borg prune` wanahitaji `borg compact`.

Hata hivyo usitarajie nusu ya diski irudi. Programu hizi huhifadhi kila kipande cha data mara moja tu, na nakala zote hukitumia kwa pamoja. Kinachoachwa huru ni vile vipande ambavyo hakuna nakala iliyobaki inayovihitaji. Kama mafaili yako hayabadiliki sana, utapata nafasi kiduchu.

Angalia pia makundi. Restic huhesabu kivyake kila mchanganyiko wa kompyuta na folda. Ukibadilisha folda unazohifadhi, kundi la zamani halipati nakala mpya, hivyo za mwisho hubaki pale daima hadi uzifute mwenyewe. Borg ni kinyume: kompyuta mbili zikitumia hazina moja ya nakala, huzihesabu kama kundi moja, na nakala za kompyuta moja zinaweza kufutwa kwa sababu ya nyingine. Zipe nakala za kila kompyuta majina yenye kianzio tofauti, kisha uchuje kwa `--glob-archives`.

SWALI: Jumapili tunatengeneza nakala kamili, siku nyingine mabadiliko tu. Naweza kufuta ile ya Jumapili ya zamani nikabakiza za katikati ya wiki?

JIBU: Hapana. Ya Jumatano bila ya Jumapili yake haifunguki kuwa kitu kamili. Futa mnyororo mzima, Jumapili hadi Jumamosi, lakini kwanza usubiri nakala kamili inayofuata iwe imekamilika. Diski basi iwe na nafasi ya minyororo miwili kwa wakati mmoja.

SWALI: Ufutaji ufanyike kila usiku?

JIBU: Kwa restic na Borg, mara moja kwa wiki inatosha, maana ni kazi nzito. Usingoje diski ijae kabisa: `prune` yenyewe huandika kabla ya kufuta, ikikosa nafasi inakwama. Ikimaliza, endesha `restic check --read-data-subset=5%`, kisha rudisha faili moja kutoka kwenye nakala ya zamani kuliko zote na ulifungue.