Kuhamisha mtoto shule ya serikali kuja Dodoma mjini: anzia shule inayompokea

Mkuu, umeuliza kama inatosha kuchukua barua ya uhamisho shuleni Mpwapwa na kuja nayo Dodoma, maana mtoto yuko darasa la tano na wewe umeshapanga nyumba Nkuhungu, hapa Dodoma mjini. Haitoshi. Nimemhamisha binti wa dada yangu kutoka Kongwa kuja Jiji la Dodoma, na kijana wangu wa sekondari kutoka Manyoni, kwa hiyo nasema nilichokipitia.

Barua ya shule anayotoka ndiyo nyepesi kuliko zote. Mwalimu mkuu wa kule hana sababu ya kumng'ang'ania mtoto. Kazi iko kwenye nafasi huku mjini. Shule ya kwanza niliyokwenda, mwalimu mkuu hakunikatalia. Alinyanyuka akanipeleka hadi mlango wa darasa: dawati moja watoto wanne, wengine wamekaa sakafuni chini ya ubao, madaftari magotini. Akaniambia, "Baba, nikikuandikia nafasi ipo, utamkalisha wapi?" Nikashukuru, nikaenda mtaa wa pili, nikapata. Kwa hiyo nenda mwenyewe, uonane na mwalimu mkuu ana kwa ana, akiridhia aandike kwamba nafasi ipo, asaini na kugonga muhuri. Hapo ndipo urudi Mpwapwa.

Mpwapwa na Jiji ni mkoa mmoja ila halmashauri mbili tofauti, hivyo karatasi zitapita kwa afisa elimu msingi wa kule na wa huku. Kijana wangu alikuwa anatoka Manyoni, mkoa wa Singida, ikabidi zipande hadi ngazi ya mkoa. Huko subira inahitajika kweli kweli.

Sasa kitu ambacho wazazi wengi wanakisahau: mfumo. Kila mwanafunzi ana namba yake ya PReM, ule mfumo wa Baraza la Mitihani. Shule ya zamani lazima imtoe humo, na mpya impokee. Unaweza kuwa na mihuri yote mkononi, mtoto anasoma Nkuhungu, lakini kwenye mfumo bado ni wa Mpwapwa. Hutagundua hadi wakati wa kusajili mtihani. Kwa binti wa dada, mwalimu anayeshughulikia mfumo alikuwa likizo na hakuna mwingine mwenye nywila, ikawa simu kila siku. Usitosheke na "tumeshamhamisha". Omba huku wakufungulie uone jina, na ulilinganishe na cheti cha kuzaliwa herufi kwa herufi.

Darasa la tano una bahati. La nne, la saba, kidato cha pili na cha nne ni madarasa ya mitihani. Akishasajiliwa, kumhamisha ni mgogoro. Lenga likizo ya Juni au Desemba, ila karatasi zianze kutembea kabla walimu hawajafunga shule. Januari ofisi zinajaa wazazi wa kidato cha kwanza.

Uhamisho wenyewe haulipiwi. Akitokea mtu anataka ya soda, mwambie akupe namba ya malipo ya serikali uone kama atarudia.

Piga picha kila karatasi kabla hujaiacha mezani kwa mtu. Sare usikimbilie kununua, bluu na nyeupe ya Mpwapwa itafaa, labda sweta tu ndiyo utabadilisha.