Kebo zatua Mombasa, mbona Kinango simu haishiki?

Dada, umeuliza vipi kebo za intaneti za baharini zitue hapa kwetu, halafu kwa mamako Kinango simu isishike mtandao. Kebo ni jambo moja, mnara wa simu ni jingine. Kebo za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa 2009, EASSy ikafuata 2010, na kweli zilitutoa kwenye satelaiti iliyokuwa ghali na ya polepole. Lakini simu ya mama haizungumzi na kebo, inazungumza na mnara ulio karibu naye.

Na mawimbi ya mnara hayapendi vilima. Kilima kikikaa kati, nyumba iko kivulini hata kama mnara si mbali. Mawimbi ya masafa ya chini, kama megahezi 800, hufika mbali kuliko ya 2100, lakini mnara wenyewe lazima uwepo, na pasipo stima unahitaji sola au jenereta ya dizeli. Kwa kijiji chenye nyumba chache kampuni huona hasara. Mfuko wa Huduma kwa Wote, wa kusaidia kufikisha mawasiliano, ulianzishwa kwa ajili ya sehemu kama hizo.

Nyanya yangu hupanda kichuguu nyuma ya zizi, simu kainyanyua juu, ndipo ujumbe wa pesa uingie. Inaniuma sana.

Kwa sasa, ukienda nenda na laini za kampuni tofauti, uzijaribu pale pale uani, kila pembe ya nyumba. Inayoshika ndiyo umwachie mama.