Kwa nini bahari ya Bamburi si samawati mwezi wa Mei?

Swali: Mtaalamu, salamu. Nina nyumba ya wageni Bamburi, Mombasa. Wageni walionilipa mapema waliona picha za maji ya samawati. Wamefika katikati ya Mei, wamekuta bahari ina rangi ya chai ya maziwa, na pale mawimbi yanapoishia maji ni meusi kabisa. Wananiuliza kama ni maji taka, nami sina la kuwajibu. Bahari yetu imeharibika, ama ni msimu tu?

Jibu: Salamu dada. Hicho unachokiona, kwa sehemu kubwa, ni msimu. Lakini wageni wako wana haki ya kuuliza habari ya maji taka, na jibu lake halipatikani kwa kutazama rangi.

Mwanga wa jua una rangi zote ndani yake. Ukizama majini, wekundu humezwa mapema, karibu wote kabla ya kufika mita 10. Buluu ndiyo husafiri mbali, na sehemu yake hutawanywa ikarudi machoni mwetu. Kwa hivyo nje ya mwamba wa matumbawe ulio mbele ya ufuo, penye kina, bahari ni buluu iliyokolea, ingawa maji yale yale ukiyachota kwa glasi hayana rangi yoyote. Ndani ya mwamba kina ni kidogo na chini kuna mchanga mweupe uliosagika kutoka kwenye matumbawe. Mchanga huo hurudisha mwanga juu, ikapatikana samawati ya kwenye picha. Yale mabaka meusi katikati yake ni majani ya bahari na mawe, hayana ubaya wowote.

Picha za namna hiyo nyingi hupigwa Januari au Februari: kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, inavuma, mvua ni chache, maji yamejaa, na jua liko utosini. Jua likiinama, mwanga mwingi huteleza juu ya maji bila kuingia, na bahari ile ile ikaonekana ya kijivu.

Mei kila kitu hugeuka. Ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi Mombasa, na kusi, upepo wa kusini, imeshaingia na mawimbi yake. Mto Kombeni unamwaga udongo wa bara katika hori (mkono wa bahari unaoingia bara) la Tudor, Mwache unamwaga Port Reitz, na hori la Mtwapa nalo lina mto wake. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa kwetu hupita mita 3, kwa hivyo kila yakipwa, maji mengi mno ya mahori hutoka baharini na matope yake. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, ukiyasukuma yale ya Tudor upande wa Nyali na kwenu. Hapo hapo mawimbi ya kusi yanatibua mchanga uliokuwa umetulia ndani ya mwamba. Chembe hizo hutawanya mwanga kila upande na kumeza buluu, ndipo ikaja hiyo rangi ya maziwa. Diani, kusini ya Mombasa, haina mto mkubwa karibu, ndiyo maana husafika upesi zaidi.

Usichukulie kwamba kalenda hiyo ni ya pwani nzima. Mdomo wa mto Sabaki uko kaskazini ya mji wa Malindi. Wakati wa kusi matope yake hupelekwa mbali na mji, na kaskazi ndiyo huyarudisha. Mgeni aliyeikimbia Bamburi mwezi wa Mei, akienda Malindi wakati wa kaskazi, anaweza kukuta maji ya hudhurungi huko wakati Bamburi inang'aa.

Weusi wa ufuoni ni majani ya bahari yaliyong'olewa na mawimbi, yakasagika na kuoza. Harufu ya mayai viza inatokana na kuoza huko. Naomba sana usilete trekta kuyazoa. Majani hayo huushika mchanga usichukuliwe na mawimbi, na viumbe wengi huyala. Fagia kwa reki njia ya wageni, basi.

Sasa jipime mwenyewe. Chukua chupa safi isiyo na rangi, ingia mpaka magotini, chota, kisha iache mezani bila kuitikisa. Udongo na mchanga vitaanza kujitenga chini, mchanga kwanza, udongo laini ukichelewa hata siku nzima. Maji yakibaki na hudhurungi iliyo wazi, bila chembe, hiyo ni rangi iliyotoka kwenye majani makavu na mikoko. Yakibaki ya kijani, ni vijimea vidogo vya baharini, ambavyo klorofili yao, ile rangi ya kijani ya mimea, humeza buluu na wekundu. Kaskazi ikitulia unaweza kuona pia michirizi ya manjano au kahawia, mirefu, inayoelea. Mara nyingi hiyo ni trikodesmiumu, bakteria wanaotumia mwanga wa jua kujilisha. Wakifa hunuka, na wengine huwashwa ngozi. Mwambie mgeni aogelee mbali na michirizi, kisha ajisuuze kwa maji yasiyo na chumvi.

Kuhusu maji taka, chupa haitakusaidia. Bakteria wa choo hawaonekani, na maji ya samawati kabisa yanaweza kuwa nao. Mvua kubwa ikinyesha, mitaro ya mji huingia baharini na kila kilichokuwa barabarani na kwenye mashimo ya vyoo yaliyofurika. Tembea ufuo wako ujue mtaro ulio karibu unamwagia wapi, na baada ya mvua kubwa uwazuie wageni, hasa watoto, wasiogelee karibu na mdomo wake kwa siku mbili. Ukiona mtaro unatiririka hata wakati wa kiangazi, hapo pana mtu anamwaga. Piga picha, andika tarehe na saa, ripoti kwa afisa wa afya wa kaunti, na uombe maji yapimwe bakteria maabara.

Na kwenye tangazo lako, weka picha ya Mei kando ya ile ya Januari.