Jumamosi Saa Moja, Uani kwa Mama

Kwa miaka mitatu nilikuwa mtu wa kanisani. Jumanne mazoezi ya kwaya, Alhamisi maombi, Jumapili ibada mbili. Nikitoka kazini Posta nashuka Mwendokasi Kimara, naunganisha moja kwa moja. Hakuna aliyejua kwamba nilikuwa nimeacha kusali peke yangu.

Aliyegundua ni mama mmoja wa usharikani. Alinishika mkono mlangoni: "Mwanangu, wewe na Yesu mnaongea?" Nikasema, "Namshukuru Mungu, mama." Mkono hakuuachia. "Jumamosi saa moja asubuhi njoo kwangu. Njoo peke yako."

Nilimkuta uani, anachagua mchele kwenye ungo. Shikamoo, marahaba, akanisogezea kigoda. Tukafungua Marko sura ya kwanza. Anasoma aya moja, anatulia, vidole vinaokota chuya na vijiwe, ndipo anauliza: "Hapo umesikia nini?" Tukafika pale Yesu alipoamka alfajiri kwenda kuomba mahali pasipo na watu, na Simoni na wenzake wakamfuata: "Watu wote wanakutafuta." Nililia. Mimi pia nilitafutwa na watu wote, na kila aliyenitafuta alinipata. Mungu tu ndiye sikuwa na nafasi naye.

Sura 16 za Marko zilituchukua karibu mwaka mzima. Ya 3 ndiyo iliyonibadilisha: Yesu aliwaweka wale kumi na wawili "wapate kuwa pamoja naye", kuwatuma kukafuata.

Kwa hiyo ndugu yangu, tafuta mtu mmoja aliyekutangulia katika imani, dada kwa mama, kaka kwa baba. Pangeni siku na saa, na uwaambie viongozi wako mapema kwamba saa hiyo haupo. Mimi niliogopa sana kumwambia mwalimu wa kwaya, kumbe alinielewa. Ukisubiri foleni za Dar zipungue ndipo upate muda, utazeeka unasubiri. Na mistari ya asubuhi kwenye kundi la WhatsApp ni mizuri, ila haitakushika mkono mlangoni.

Siku hizi binti mmoja wa Ilala anakuja kwangu. Jumamosi iliyopita Jangwani palijaa maji, mabasi yakasimama. Saa moja kamili simu ikaita: "Shikamoo dada, nimeshafungua Marko 4."