Usimtazame Usoni, Mkunje Goti

Jumamosi moja pale soko la Karume, Dar, kijana wa mitumba alikuwa amemwaga balo la midoli juu ya turubai: dubu wa manyoya, vigari visivyo na matairi, vikombe vya kuchezea, na katikati ya fujo hiyo mguu mwekundu umechomoza. Nikauvuta. Akatoka Spider-Man mzima, wa inchi 6 hivi, amechubuka magotini na kidevuni, vidole vyote vipo. Nikamkunja goti. Likagoma kidogo, halafu likajikunja mara mbili mpaka kisigino kikagusa paja, na nilipoliachia likabaki vilevile.

"Huyo nipe buku tatu, bosi," akasema kijana bila kuniangalia.

"Buku mbili."

"Chukua, ila usinivurugie mzigo."

Nakusanya midoli ya masuperhero mwaka wa 11 sasa, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni nianze na kampuni gani. Mimi humwambia mtu aanze na rundo la mtumba. Mdoli uliopo pale umeshaishi na mtoto huko Ulaya au Marekani, ukaangushwa ngazini, ukalala kwenye boksi stoo, ukabanwa kwenye balo, ukapikwa ndani ya kontena mpaka bandarini. Kama baada ya yote hayo goti bado linashika, majaribio yameshafanyika na mimi sikulipia hata senti. Mpya wa dukani yuko nyuma ya kioo cha plastiki, unachoonyeshwa ni sura tu, na sura ndiyo sehemu ambayo kila mtengenezaji, hata wa feki, hujitahidi.

Kwa hiyo jifunze viungo kwanza. Kuna kiungo cha bawaba, kama cha mlango, ambacho hukunja upande mmoja tu; hicho utakikuta kiwikoni na gotini, na kwa midoli mizuri kinakuwa mara mbili ili mguu ukunjike mpaka mwisho. Kuna cha gololi, kile cha tufe linalozunguka ndani ya kikombe, kawaida shingoni na nyongani. Halafu kuna cha meno, ambacho ukikizungusha kinalia tk-tk-tk. Hiki nakipenda kwa midoli mizito, maana gololi ikichoka inalegea na hakuna cha kuizuia, lakini meno yanashikilia hata kama mdoli una miaka 20. Vyote hivi vinashikwa na pini, na pini ndiyo ya kuitazama kwa karibu. Geuza kiwiko kwenye mwanga. Ukiona plastiki inayoizunguka pini imeweka weupe, kama tone la maziwa lililokaukia pale, ujue imevutwa kupita uwezo wake. Haitapona. Leo itashika, wiki ijayo utabaki na mkono kiganjani.

Baada ya pini, mshike kiunoni umtikise kidogo, kama unavyokung'uta kalamu iliyogoma kuandika. Mikono ikicheza cheza, mwache au ushushe bei. Kisha msimamishe juu ya kitu bapa bila kumwegemeza. Hapa wengi hutazama mabega kwa sababu mabega ndiyo yenye mbwembwe, lakini anayebeba mzigo ni kifundo cha mguu. Mdoli wenye mabega ya kunesa na vifundo vilivyolegea ni wa kulala kifudifudi maisha yake yote. Na kwa joto letu la Dar kuna jambo la ziada: miguu ikiwa ya plastiki laini, unaweza kumwacha amesimama wima Krismasi, Februari ukamkuta ameinama mbele kama anatafuta sarafu sakafuni. Hakuna aliyemgusa. Ni uzito wake mwenyewe na joto, kidogo kidogo. Mwenye silaha nzito au mabawa mpe kisimamo, au mkalishe.

Makosa yangu ya kwanza yalikuwa ya mikono. Nilimpata Captain America ambaye goti lake lilikuwa limeganda. Rangi ilikuwa imeshikana ndani ya kiungo. Nikasema huyu anahitaji mwanaume. Nikamkaza. Haukusikika mlio mkubwa, ni "tap" dogo tu, na nikabaki na paja mkono huu, ugoko mkono ule, na kipande cha pini kimebaki ndani ambako hakitoki. Nilijaribu gundi ya supagluu, ikatambaa ikaingia kiungoni, na toka siku hiyo Kapteni anasimama kwa mguu mmoja mnyoofu kama askari wa lindo.

Dawa ya kiungo kilichoganda ni maji ya moto, na niliijua kwa ajili ya mpwa wangu. Alikuja likizo na Wolverine wake, kucha zote sita zimepinda kama tambi, analia. "Anko, amekufa kucha." Kulikuwa na maji kwenye chupa ya chai, yale ambayo hayachemki tena lakini huwezi kutia kidole. Nikayamimina kwenye kikombe, nikamzamisha Wolverine mkono mmoja. Tukainama wote wawili kuangalia. Baada ya nusu dakika hivi kucha ya kwanza ikaanza kujinyoosha yenyewe, taratibu, halafu ya pili, halafu ya tatu, kana kwamba anaamka. Plastiki laini ya PVC inakumbuka umbo ililotoka nalo kwenye kalibu. Ukiipasha inarudi kwenye umbo lake. Mara tu zilipokaa sawa nikamhamishia kwenye glasi ya maji ya friji ili zigande hapo hapo. Hatua hii ya baridi usiiruke, la sivyo zitapinda tena kabla hujafika sebuleni. Kiungo kilichoganda nacho ni hivyohivyo: dakika moja au mbili majini, kisha kikunje polepole huku na huku, kikigoma mrudishe majini. Maji yanayotokota sitii, na mdoli wenye nguo za kitambaa au betri usijaribu kabisa.

Kiungo kilicholegea kina dawa yake pia. Wengine hupaka rangi ya kucha kwenye gololi ili inenepe, lakini rangi ya kucha ina kiyeyusho ambacho plastiki nyingine haikipendi. Mimi hutumia gundi nyeupe ya mbao, tone dogo, naiacha ikauke usiku kucha huku kiungo kimechomolewa, ndipo narudisha. Na tafadhali, mafuta ya cherehani yabaki kwenye cherehani. Ukitaka kulainisha, tafuta mafuta ya silikoni.

Nikiwa bado kwenye vya kuunga: ukipata askari wadogo wa G.I. Joe wa inchi 3 na robo tatu, wale walioanza 1982, utawakuta mara nyingi wamekatika kiunoni, kiwiliwili huku na miguu kule. Watu wanawatupa. Wale hawajavunjika. Ndani yao kuna kipete cha mpira kinachoshikilia juu na chini, na mpira huoza. Nilikwenda duka la vifaa vya mabomba nikaomba oringi, kipete cha mpira cha kuzibia maji, ndogo kuliko zote, muuzaji akaniuliza ni ya bomba gani, nikaona haya kusema ukweli. Ilifaa.

Sasa joto, jua na kabati, ambavyo kwetu pwani vinaua midoli mingi kuliko watoto. Jua la dirishani linapausha nyekundu mapema sana. Nina Superman ambaye joho lake sasa ni la rangi ya pinki upande wa kushoto tu, upande uliokuwa unatazama Magomeni. Nyeupe nayo inageuka njano kama meno ya mvuta tumbaku. Halafu kuna kunata. Mdoli wa PVC laini umetiwa kemikali ya kuulainisha, na ukifungiwa ndani ya mfuko au boksi lisilopumua kwenye chumba cha joto, ile kemikali inatoka nje na kukaa juu ya ngozi yake. Unamshika unadhani kamwagiwa soda. Mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mkaushe, umweke mahali penye hewa. Vilevile usilaze kitu laini chenye asili ya mpira juu ya plastiki ngumu kwa miezi mingi. Kile laini hula kile kigumu na kuacha alama ambayo hakuna sabuni itakayoitoa.

Lakini aliyenifundisha zaidi ni mama yangu. Nilihamia chumba kidogo nikampelekea Tanga boksi langu alitunze, naye kwa upendo wote akaliweka kabatini pamoja na kanga zake na kutia naftalini ya kutosha, vile vidonge vyeupe vya kuzuia wadudu. Niliporudi baada ya miezi, vifaa kadhaa vilikuwa vimelainika na kushikana, ngao moja imebeba alama ya kidonge kama kidole kilichobonyeza unga. Mvuke wa naftalini unayeyusha baadhi ya plastiki, hasa ile ngumu iitwayo polistireni. Mama akaniuliza, "Mwanangu, si ulisema vitu vya thamani?" Ningemjibu nini?

Kuhusu feki. Sina ugomvi na feki ya mtoto kuchezea kama ni salama. Ugomvi wangu ni kulipia feki bei ya orijino. Mtaa mmoja wa Kariakoo nilipigwa mchana kweupe: boksi zuri, sura nzuri, shilingi 45,000, na nilipofika nyumbani rangi nyekundu ilikuwa imehamia kiganjani kwa jasho tu. Siku hizi kwanza nanusa. Orijino iliyotoka kwenye boksi ina harufu ya plastiki mpya inayopotea. Feki mbaya inanuka kama taa ya chemli, tena sana. Pili natafuta mshono, ule mstari ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana: ukipita na ukucha ukakwama, mtengenezaji hakujali. Tatu nageuza nyayo au mgongo kutafuta maandishi yaliyochongwa, jina la kampuni yenye hakimiliki na mwaka. Maandishi yakiwa hayapo, au yamefifia kama yamenakiliwa kutoka kwenye mdoli mwingine, jibu unalo. Ila ule mwaka usiusome kama tarehe ya kuzaliwa. Unaweza kuwa mwaka wa haki au wa kalibu, na kalibu moja hutumika miaka mingi.

Kama kuna mtoto mdogo anayetia kila kitu mdomoni, feki inayonuka usiilete nyumbani hata bure. Rangi za bei rahisi zimewahi kukutwa na madini ya risasi, na Ulaya na Marekani sheria inazibana baadhi ya kemikali za kulainisha plastiki, zile ftaleti, zisizidi asilimia 0.1 ya uzito kwenye midoli ya watoto. Anayenakili kichochoroni hasomi sheria hiyo.

Ukiamua kununua mpya, chagua kipimo kimoja kwanza. Marvel Legends, kina Spider-Man, walioanzishwa na Toy Biz 2002 na kushikwa na Hasbro kuanzia 2007, ni wa inchi 6. Wale wa DC, kina Batman na Superman, waliotengenezwa na McFarlane Toys ni wa inchi 7 na huja na kisimamo. Batman wa McFarlane ukimsimamisha na Spider-Man wa Legends, Spider-Man anakuwa mtoto wa shule. Legends mmoja Marekani ni kama dola 25 kabla hujaongeza usafiri na ushuru, ndiyo maana binamu yangu wa Muscat hanisalimii tena bila kuuliza "unataka nini". S.H.Figuarts za Bandai, za Japani, ni bei ya juu zaidi na viungo vyake vinakunjika kwa namna inayokaribia ubinadamu, lakini ni vyembamba; hizo ni za mtu mzima mwenye kabati la kioo. Mtoto mnunulie kitu kinene chenye viungo vichache. Kila kiungo ni mahali pa kuvunjika.

Na kwenye rundo la mtumba usidharau vipande. Miaka mitatu iliyopita niliokota mguu mkubwa wa zambarau na buluu, mkubwa kuliko Spider-Man mzima, una kijiti cha kuchomekea kwa juu na hauna mwenyewe. Kijana akanipa bure. Baadaye ndipo nikajua ni wa Galactus, ambaye Toy Biz walimtoa 2005 vipande vipande: kila mdoli wa toleo lile ulikuja na kipande chake kwenye boksi, ukikusanya yote unaliunga jitu. Kiwiliwili chake nakitafuta mpaka leo. Kwa sasa mke wangu anautumia ule mguu kuzuia mlango wa jikoni usijibamize upepo ukija, na goti halijalegea hata kidogo.